Kabla ya kutuma dima, uliza mteja ana taa gani

Mnaouza vifaa vya umeme mtandaoni, hii inawahusu. Mteja anaona picha ya dima, ile swichi ya kuzungusha inayopunguza mwanga, anasema nitumie. Kesho yake anapiga simu: taa zinacheza-cheza, zinavuma. Mzigo unarudi, na hela ya boda imeshakwenda.

Mara nyingi hiyo dima wala si mbovu. Dima nyingi za zamani zilitengenezwa kwa balbu za waya, na nyingine zinataka angalau wati 40 ndipo zitulie. Mteja ana LED nne za wati 5, jumla 20. Zitatuliaje?

Kwa hiyo omba picha ya boksi la taa, na uulize taa ngapi zinawashwa na swichi hiyo. Boksi liwe limeandikwa "dimmable". Kama halijaandikwa, usimuuzie dima hata akibembeleza. Muuzie kwanza taa zinazokubali. Halafu soma dima yenyewe: wati za LED huwa ndogo kuliko za balbu za waya. Hizo za LED, kima cha chini na cha juu, ndizo za kuandika kwenye posti.