Baridi yabisi: Maumivu ya upande mmoja yasipuuzwe

Watu wengi wanaougua baridi yabisi wamezoea kuishi na maumivu. Mtu huamka asubuhi vidole vimekakamaa, akakaa hata saa nzima kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati, kisha akashika njia kwenda kazini. Mazoea haya yana hatari yake. Siku maumivu mapya yanapojitokeza, mgonjwa husema, "Ni ule ugonjwa wangu tu," akameza tembe moja zaidi na kuendelea na shughuli zake.

Juma hili tutaangalia maumivu ya misuli yanayoshika upande mmoja tu wa mwili: bega moja, paja moja au shavu la mguu mmoja.

Ugonjwa wenyewe

Baridi yabisi tunayoizungumzia si ile inayotokana na kuchakaa kwa viungo uzeeni. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, hugeuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huo huvimba na kupata joto, na usipotibiwa huharibu mfupa. Huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Licha ya jina lake, hauletwi na baridi wala kuoga maji baridi.

Kwa kawaida ugonjwa huu hushika pande zote mbili. Vidole vya mkono wa kulia vikivimba, vya kushoto navyo hufuata. Ndiyo maana maumivu yakikaa upande mmoja tu, inafaa tuulize kama kuna sababu nyingine.

Sababu za kawaida

Tuseme mama wa miaka 45, karani mjini, ana goti la kulia linalomsumbua. Bila kujua, ameanza kuuegemeza uzito wake mguu wa kushoto. Mkoba wake huuning'iniza bega la kushoto, na ndani ya matatu hujishikilia kwa mkono huo huo. Baada ya miezi michache, misuli ya bega, kiuno na tako la kushoto inafanya kazi maradufu. Maumivu ya aina hii huzidi jioni, hupungua mtu akipumzika, na ukibonyeza utapata mahali hasa panapouma.

Sababu ya pili ni neva kubwa ya mguu kubanwa kiunoni. Maumivu huteremka kama umeme kutoka takoni hadi chini ya goti, pengine pamoja na ganzi. Mara nyingi hupungua baada ya majuma kadhaa. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, au mguu ukalegea, nenda hospitali mara moja.

Hatari tatu

Ya kwanza ni damu kuganda ndani ya mshipa. Shavu la mguu mmoja huvimba, huwa na joto na kuuma. Wagonjwa wa baridi yabisi wamo hatarini zaidi ya watu wengine, hasa baada ya upasuaji, kulazwa kitandani au safari ndefu. Bonge la damu likihamia mapafuni, mtu hukosa pumzi, huumwa na kifua, na anaweza kufa. Mguu kama huo usikandwe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ya pili ni jipu ndani ya msuli, mara nyingi pajani. Dawa nyingi za baridi yabisi hupunguza nguvu za kinga, na prednisoloni inaweza kuficha homa. Kwa hivyo usisubiri joto la mwili lipande ndipo umwone daktari. Hali kadhalika, kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa moto kuliko vingine, huenda kimeingiwa na bakteria.

Ya tatu ni mkanda wa jeshi. Ngozi ya upande mmoja huchoma kwa siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa katika muda wa saa 72 baada ya upele kuonekana.

Kujisaidia nyumbani

Ikiwa daktari amehakikisha kwamba ni uchovu wa misuli tu, yapo mengi ya kufanya. Weka taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kwa dakika 15 hadi 20, lakini lisiiunguze ngozi. Nyoosha msuli polepole mara mbili kwa siku. Usilale kitandani siku nzima, kwani msuli usiotumika hudhoofika haraka. Ofisini, inuka kila nusu saa. Beba mzigo mgongoni badala ya bega moja. Ukitumia mkongojo, ushike kwa mkono ulio kinyume cha mguu unaouma. Wengi huushika upande usiofaa.

Tahadhari ya dawa

Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki kwa kutafuta nafuu ya haraka. Zote ni za jamii moja, na pamoja huongeza hatari ya vidonda vya tumbo na madhara ya figo. Metotreksati humezwa mara moja kwa juma, wala si kila siku. Kosa hilo limewaua watu. Pia mjulishe mwuza dawa kwamba unaitumia, kwa maana ikikutana na kotrimoksazoli inaweza kuzuia mwili kutengeneza damu.

Prednisoloni nayo ni ya jamii ya kotisoni. Mwaka wa 1948 Dkt Philip Hench na wenzake huko Marekani walimpa kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na kwa siku chache akaweza kutembea. Ugunduzi huo ulichangia Hench kupata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1950. Baadaye madhara yalijulikana: mifupa kuwa dhaifu, sukari kupanda, misuli kulegea. Usijinunulie dukani, na kama umeitumia kwa majuma kadhaa, usiiache ghafla bila maagizo ya daktari.

Mwisho, weka daftari dogo. Andika ni upande gani unaouma, maumivu yalianza lini, huzidi saa ngapi, na umemeza dawa gani. Umwonyeshe daktari wako. Ukurasa mmoja wa daftari hilo utamsaidia kutambua kama ni ugonjwa wako wa zamani au ni jambo jipya linalohitaji kutibiwa leo.