Nguo Zilindwe, Mtoto Acheze: Michezo ya Udongo na Maji kwa Walezi wa Nyumbani, Karatu na Ngorongoro

Utangulizi

Jioni, mzazi anapomfuata mtoto wake kwa mlezi, mara nyingi jambo la kwanza analolitazama si uso wa mtoto wala hali yake, bali nguo alizovaa. Karatu, desturi hiyo ina sababu. Udongo wa nyanda hizo ni mwekundu: wakati wa kiangazi hupeperuka kama vumbi, na wakati wa masika hugeuka tope linalong'ang'ania. Shati jeupe likiingiwa na tope hilo halirudii weupe wake kwa urahisi. Katika vijiji vingi vya Ngorongoro tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa maji ya kufulia hutoka mbali, juu ya kichwa cha mama au mgongoni mwa punda.

Mlezi anayewatunza watoto watano au sita uani kwake hujifunza upesi namna ya kuepuka lawama. Huwaketisha mkekani tangu asubuhi na kuwakataza kugusa chochote. Nguo hurudi nyumbani safi, lakini mtoto hurudi bila ya kucheza. Akithubutu kucheza, huenda akachapwa mara mbili: kwa mlezi na kwa mzazi.

Makala haya yamekusudiwa wahudumu wa afya, walezi na wazazi. Yanafafanua mambo mawili. Kwanza, nguo ndizo zinazopaswa kulindwa ili mtoto acheze; mtoto asizuiwe kucheza ili nguo zisalimike. Pili, katika mchezo wa kuchafuka, vinavyostahili ulinzi kabla ya nguo ni mikono, miguu, macho na kinywa cha mtoto.

Mchezo ni sehemu ya afya

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia pamoja na wadau wengine walitoa mwongozo wa malezi jumuishi wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za ujifunzaji wa awali. Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, nayo imejengwa juu ya nguzo hizohizo. Mchezo, kwa hiyo, haupaswi kuonekana kama anasa inayosubiri kazi nyingine ziishe.

Mtoto anayefinyanga ng'ombe wa udongo huimarisha misuli ya vidole ambayo baadaye itashika kalamu. Anayemimina maji kutoka kikombe hadi kopo hujifunza kujaa, kupungua na kumwagika. Watoto wa wafugaji wanaopanga kokoto kuwa mifugo na kuzizungushia boma dogo tayari wanahesabu, wanagawanya na kusimuliana. Mlezi akiketi karibu na kuuliza, "Ng'ombe wako wangapi? Yupi ndama?", mchezo huo hugeuka somo la lugha na hesabu bila ya gharama yoyote.

Uchafu wote si sawa

Udongo uliochaguliwa vizuri ni kifaa cha kujifunzia. Udongo wenye kinyesi cha binadamu au cha wanyama ni chanzo cha maradhi. Mayai ya minyoo ya askari huhitaji wiki kadhaa ardhini kabla ya kuweza kuambukiza, kisha humwingia mtoto kwa njia ya mdomo. Viluwiluwi vya safura hupenya kwenye ngozi, hasa ya miguu iliyo peku. Funza nao hupenda vumbi kavu la sakafu na uani. Mbwa wanaokula matumbo mabichi ya mifugo huweza kusambaza mayai ya tegu anayesababisha uvimbe wenye maji kwenye ini na mapafu ya binadamu.

Hatari mbili zinahitaji uangalifu wa pekee katika eneo hili. Ya kwanza ni kimeta, ugonjwa unaojulikana vyema Ngorongoro kwa mifugo, wanyamapori na binadamu. Vimelea vyake hukaa ardhini kwa miaka mingi. Mifupa, pembe na ngozi za mnyama aliyekufa bila ya sababu kujulikana visiwe vifaa vya kuchezea kamwe, na watoto wasicheze mahali mzoga ulipolala. Ya pili ni viuatilifu vinavyotumika katika mashamba ya kahawa ya Karatu na ya vitunguu ya Mang'ola. Makopo na mifuko yake havigeuzwi vyombo vya mchezo hata vikioshwa, na ovaroli iliyovaliwa wakati wa kunyunyiza dawa haikatwi kuwa aproni ya mtoto.

Mahali pa mchezo pawe mbali na choo, zizi, jiko na barabara. Udongo au mchanga uchukuliwe mahali safi, uchekechwe ili kuondoa vipande vya chupa na misumari, kisha ufunikwe kila jioni ili paka, mbwa na kuku wasiuchafue. Maji ya kuchezea yawe kidogo ndani ya beseni la kina kifupi, na mlezi asiondoke hata kwa dakika moja. Mtoto mdogo huweza kuzama katika maji yasiyozidi sentimita 5. Mchezo ukiisha, beseni limwagwe.

Kulinda nguo: kabla ya mchezo

Ulinzi ulio bora ni kubadili. Kila mtoto aje na nguo kuukuu za kuchezea, ikiwezekana za rangi ya kahawia, nyekundu iliyoiva au bluu iliyokolea, ambazo madoa hayaonekani sana. Nguo alizokuja nazo zikunjwe na kuwekwa katika mfuko wenye alama yake. Jioni, mtoto anawishwa na kuvishwa nguo zake safi.

Pale ambapo nguo za ziada hazipo, aproni hutosha. Fulana kuukuu ya mtu mzima ikivaliwa mbele nyuma na mikono yake ikapunguzwa, humfunika mtoto hadi magotini. Kipande cha khanga au kitenge kilichochakaa chaweza kushonwa kiwe na mikono mipana. Mambo matatu yazingatiwe:

1. Aproni isifungwe kwa kamba ndefu shingoni, kwa kuwa yaweza kumkaba mtoto. Kamba ifungwe kiunoni, au shingo ishonwe kwa mpira laini.
2. Mfuko wa plastiki usivalishwe mtoto. Huziba pumzi ukifika usoni, nao huhifadhi joto na jasho.
3. Mtoto aliyevaa shuka afungwe vizuri kiunoni ili asiikanyage, naye asikaribie moto akiwa ameivaa.

Viatu vya kufunika miguu ni sehemu ya vazi la mchezo. Doa kwenye soksi lafulika. Safura na funza huhitaji matibabu.

Wakati wa mchezo

Aproni moja ni ya mtoto mmoja. Kanuni hii ina uzito mkubwa Ngorongoro, ambako trakoma imekuwa tatizo la muda mrefu katika jamii za wafugaji. Bakteria wa trakoma husafiri kwa vidole, kwa nzi wanaofuata uso wenye tongotongo na kamasi, na kwa kitambaa kinachotumiwa na watu wengi. Mlezi anayefuta nyuso za watoto watano kwa pindo la aproni moja huenda analinda mashati matano huku akihatarisha macho ya watoto watano. Uso uoshwe kwa maji. Kama ni lazima kufuta, kila mtoto awe na kitambaa chake.

Asubuhi za Juni na Julai katika nyanda za juu huwa na baridi kali. Mchezo wa maji usubiri jua lipande, na nguo iliyolowa ivuliwe mara moja, kwa kuwa mtoto mdogo hupoteza joto la mwili upesi.

Baada ya mchezo

Mikono ioshwe kwa maji tiririka na sabuni kwa sekunde 20 au zaidi, hasa kabla ya kula. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu, hutumia maji machache sana, nacho chafaa mahali ambapo kila ndoo ina thamani.

Kuhusu madoa, wekundu wa udongo hutokana na madini ya chuma yaliyoshika kutu. Tope liachwe likauke, kisha nguo ikung'utwe na kupigwa brashi kavu. Halafu isuuzwe kwa maji baridi kabla ya sabuni kuguswa. Kusugua tope bichi hulisukuma ndani ya uzi. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huiita jiki, haiondoi wekundu wa chuma, na huweza kuufanya ukae zaidi. Maji ya ndimu yakipakwa kwenye doa na nguo ikaanikwa juani kabla ya kusuuzwa husaidia kwa nguo nyeupe.

Ndimu au siki isichanganywe kamwe na klorini, maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Klorini na mafuta ya taa visiwekwe katika chupa za soda wala za maji. Mtoto akinywa kimojawapo, asitapishwe. Apelekwe haraka kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Doa lililobaki halijamdhuru mtoto yeyote, ila dawa ya kuliondoa imewadhuru wengi.

Nguo zianikwe kwenye kamba juani na zikauke kabisa. Katika maeneo yenye joto yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizotandazwa chini, na mabuu yake huingia ngozini. Pasi ya moto huyaua.

Mazungumzo na mzazi

Lawama za jioni huzuiwa asubuhi. Mlezi na mzazi wapatane mapema: mtoto atachafuka saa fulani, atavaa nguo fulani, atarudi ameoshwa, naye hataadhibiwa kwa doa. Mlezi aeleze pia alichofanya mtoto: "Leo ameunda ng'ombe watatu, akamwita mmoja kwa jina." Mzazi aliyesikia hivyo hulitazama doa kwa jicho jingine.

Mhudumu wa kliniki ya mama na mtoto, anapofungua kadi ya kliniki, aulize pia: mtoto hushinda wapi, na hucheza nini? Afuatilie chanjo, ikiwa ni pamoja na zile zinazokinga pepopunda, na akumbushe dawa za minyoo kwa watoto wa miezi 12 hadi 59, ambazo hutolewa pamoja na matone ya vitamini A katika mwezi wa afya na lishe ya mtoto, Juni na Desemba. Anayepokea watoto wa watu kila siku amwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka masharti ya usajili wa vituo vya kulelea watoto mchana.

Maswali ya mjadala

1. Katika eneo lenu, udongo safi wa kuchezea unapatikana wapi, na nani ataufunika jioni?
2. Je, kila mtoto ana kitambaa chake cha uso? Kama hana, kitapatikanaje wiki hii?
3. Mzazi akimfuata mtoto leo jioni, ataambiwa nini kabla ya kutazama nguo?