Kuoanisha Vipimo vya Upepo wa Baharini

Swali la mada hii huwakosesha alama hata watahiniwa hodari wa hesabu, kwa sababu hukimbilia kulinganisha namba kabla ya kuuliza zilipimwaje. Soma mfano huu.

Boya lililotiwa nanga katika Bahari ya Hindi linaonesha upepo wa mita 7.0 kwa sekunde. Karibu nalo inapita meli inayoelekea kaskazini kwa mwendo wa noti 10, na anemomita yake inasoma noti 27. Upepo unatoka kaskazini. Anemomita ya boya iko mita 4 juu ya maji. Ya meli iko mita 30. Je, vipimo hivi vinapingana?

Anza na mwendo wa meli. Ukiendesha baiskeli siku isiyo na upepo, bado utahisi upepo usoni. Meli hii inaukabili upepo, basi toa mwendo wake: 27 − 10 = noti 17. (Upepo ukitoka ubavuni usitoe tu, chora vekta.)

Sasa geuza kizio. Noti 1 ni mita 0.514 kwa sekunde, hivyo 17 × 0.514 = 8.7.

Wengi huishia hapa na kuandika kwamba boya ni bovu. Bado kimo! Msuguano na uso wa bahari hupunguza kasi ya hewa iliyo karibu na maji, ndiyo maana vipimo vyote huletwa kwenye kimo cha mita 10. Hewa na maji visipotofautiana sana kwa joto, zidisha kasi kwa (10 ÷ kimo) kwa kipeo cha 0.11:

Boya: 7.0 × 1.11 = 7.8
Meli: 8.7 × 0.89 = 7.7

Havipingani.

Setilaiti je? Haina anemomita. Hutuma mawimbi ya rada, hupima jinsi viwimbi vidogo vinavyoyarudisha, kisha hukadiria upepo wa kimo cha mita 10. Kadirio hilo ni la eneo la kilomita nyingi kwa wakati mmoja, ilhali boya hutoa wastani wa dakika kadhaa mahali pamoja. Linganisha vipimo vya saa ileile, na uache vya wakati wa mvua kubwa, kwani mvua huvuruga rada.

Angalia pia mwelekeo: upepo hutajwa kwa utokako, mkondo wa bahari kwa uendako.

Zoezi: Meli ileile ikigeuka kuelekea kusini kwa noti 10, anemomita itasoma ngapi? (Jibu: noti 7.)