Dondoo muhimu: Kompyuta inavyowaka

Ukiizima kompyuta ya Windows 10 au 11, mara nyingi haizimiki yote. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna uwashaji wa haraka: kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys, kisha husomwa tena badala ya kuanza upya. Ndiyo maana inawaka chapuchapu, na ndiyo maana hitilafu ya jana huamka nayo. Printa haionekani? Sauti imepotea? Chagua Restart, si kuzima na kuwasha. Hiyo ndiyo huanza upya kabisa.

Ukiwa na Linux kwenye mashine hiyohiyo, uondoe uwashaji huo wa haraka. Kuandika kwenye diski ya Windows ambayo haikuzimika yote kunaweza kuharibu mafaili.

Kama kompyuta bado inachelewa kuwaka, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, tafuta programu zinazojiwasha zenyewe, zima usizozihitaji. Antivirusi iache. Na kama bado unatumia diski inayozunguka, nunua SSD kwanza, mengine baadaye.

Kwa usalama, Secure Boot hukagua saini ya kidijitali ya programu ya kuwashia kabla haijaruhusiwa kuanza, ili kirusi kisiutangulie mfumo. Andika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia uone kama inafanya kazi. Fundi anaweza kuizima akiweka mfumo kwa flashi, asiirudishe. Kagua kabla hujalipa. Ukitaka kuigusa mwenyewe, nakili kwanza ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) na uuweke nje ya kompyuta hiyo, maana inaweza kuudai itakapowaka.