Kumfundisha Mtoto Hesabu za Sehemu



Kila mwaka kidato cha kwanza kinapoingia hapa shuleni, huwaona wadogo zetu wamekaa chini ya miti jioni, madaftari mapajani, wakihangaika na aljebra. Ukimwendea mmoja ukamwuliza shida yake ni nini, atakwambia ni zile herufi. Lakini ukikaa naye kitako ukamtazama anavyofanya, utaona kuwa kinachomshinda ni ile 1/2 au 1/3 iliyosimama mbele ya herufi. Sehemu alizikariri alipokuwa mdogo bila ya kuzielewa, na sasa zinamdai deni. Nasema haya bila kumcheka mtu, maana nami nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo nimeona vema niandike maneno machache juu ya jinsi ya kumwanzisha mtoto mdogo katika hesabu hizi, kama nilivyojifunza mwenyewe likizo iliyopita.

Nilipofunga shule nilishika njia ya Nyamisati, nikapanda chombo kwenda kwetu deltani. Nyumbani nina mdogo wangu wa kiume, yuko darasa la tatu. Siku ya pili akaniletea daftari lake, nami kwa kujiona msomi nikamwuliza, "Robo na sehemu ya nane, ipi kubwa?" Akajibu bila kusita, "Sehemu ya nane, kaka. Nane si kubwa kuliko nne?" Nikamkemea. Nikamwita mjinga. Akafunga daftari lake pole pole, akasema hesabu si zake, afadhali afuate mtumbwi wa mjomba akavue. Jioni ile hakulishika daftari tena, wala kesho yake.

Bibi yetu alikuwa akichambua mchele kibarazani, na yote aliyasikia. Akaniita. "Mjukuu wangu," akasema, "umemwuliza mtoto ipi kubwa. Wewe umemwonyesha nini hata aone?" Sikuwa na jibu. Kweli sikumwonyesha kitu, nilimtajia majina tu. Yale yaliyofuata nimeyapanga hapa chini kwa masomo, ili mwalimu au mzazi atakaye aweze kuyafuata.

SOMO LA KWANZA: Mafungu sharti yawe sawa

Bibi alipika mkate wa kumimina. Ulipopoa akaukata vipande viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, akampa mdogo wangu kile kidogo, akisema, "Haya, nusu yako hiyo." Mtoto akakataa katakata. "Bibi, hii si nusu! Kaka amepata kubwa!" Basi somo la kwanza likawa limekwisha, naye mwenyewe ndiye aliyelifundisha.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mtoto yeyote anajua kupunjwa kabla hajajua kuandika. Mfunze kwamba kukata vitu viwili hakutoshi kuitwa nusu, mpaka viwe sawasawa. Mpe nazi aivunje. Mara nyingi kifuu kimoja hutoka kikubwa na cha pili kidogo, basi mwulize, "Je, hizi ni nusu mbili?" Mpe karatasi aikunje katikati, kisha aikunje tena, aikunjue na kuhesabu. Atakuta mafungu manne yaliyo sawa, naye ataijua robo kwa mkono wake mwenyewe.

SOMO LA PILI: Vipimo vya wazee wetu

Wazee wetu wa pwani walikuwa na vipimo ambavyo ni darasa tosha la sehemu. Vibaba viwili ni kisaga kimoja. Visaga viwili ni pishi moja. Kwa hiyo pishi moja ni vibaba vinne. Siku hizi dukani twapima kwa kilo, lakini bibi yetu bado ana kibaba chake cha kupimia mchele wa kupika.

Nilichukua kopo moja likawa kibaba, na ndoo ndogo inayoenea makopo manne ikawa pishi. Mchanga wa ufukoni ukawa mchele wetu. Nikamwacha mdogo wangu ajaze na kumimina mwenyewe. Kopo moja, nikamwuliza pishi imejaa kiasi gani? Robo. Makopo mawili? "Robo mbili," akasema, kisha akatazama ndani ya ndoo akaongeza, "Imefika nusu!" Hakuna aliyemwambia kuwa robo mbili ni nusu. Makopo matatu yakawa robo tatu, na la nne likatimiza pishi nzima. Mchezo huu hauna gharama, na darasa la watoto wengi laweza kuucheza kwa makundi.

SOMO LA TATU: Wageni wakizidi, fungu hupungua

Hili ndilo lililokuwa kosa la mdogo wangu, na nadhani ndilo kosa la watoto wengi. Mtoto amezoea kuwa 8 ni kubwa kuliko 4, basi huona 1/8 nayo ni kubwa kuliko 1/4. Usimkemee, maana anatumia kanuni aliyofundishwa. Mrudishe kwenye mkate. Mwambie, "Mkate ni mmoja. Tukiwa wawili utapata nini?" Nusu. "Wakija wageni wawili, tumekuwa wanne?" Robo. "Wakija wengine wanne, tumekuwa wanane?" Hapo mdogo wangu alikunja uso, akasema, "Kaka, hao wageni wasije."

Basi amefahamu. Mkate haukuongezeka, watu ndio walioongezeka, na kila wanapoongezeka fungu la mmoja hupungua. Sehemu ya nane ni fungu la mtu mmoja katika wanane.

SOMO LA NNE: Nusu ya nini?

Nusu haina ukubwa wake peke yake. Nusu ya andazi si sawa na nusu ya boflo. Kwa hiyo mtoto azoee kuuliza, "Nusu ya nini?"

Tena sehemu haikai katika kitu kimoja tu, hukaa pia katika kundi. Delta yetu ilijulikana tangu zamani kwa boriti za mikoko, nazo majahazi yalizipeleka hata Uarabuni. Boriti zilihesabiwa kwa korija, na korija moja ni boriti 20. Nusu ya korija ni 10, robo ni 5, na sehemu ya tano ni 4. Siku hizi mikoko huhifadhiwa na haikatwi ovyo, basi sisi tulitumia vijiti 20. Mdogo wangu alivipanga mafungu mchangani, akagundua kuwa vijiti 20 havigawanyiki mafungu matatu sawa bila ya kubaki viwili. Mwache mtoto akutane na jambo kama hilo, atajiuliza mengi.

SOMO LA TANO: Sasa andika

Tulifika siku ya nne bila kuandika hata 1/2 moja. Nasema hivi kwa makusudi, maana wengi wetu tulianza na kuandika, tukaona tarakimu mbili na mstari katikati, tukadhani ni namba mbili zilizopandana.

Namba ya chini huitwa asili. Hutwambia kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa. Namba ya juu huitwa kiasi. Hutwambia tumechukua mafungu mangapi katika hayo. Basi 3/4 ya pishi maana yake pishi imegawanywa vibaba vinne, nasi tumechukua vitatu.

Sasa nitaje kosa ambalo hata kidato cha kwanza hulifanya. Ukiwaambia wajumlishe 1/2 na 1/4, wako watakaojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wapate 2/6. Usiwape kanuni mara moja. Waambie wapime jibu lao. 2/6 ni sawa na 1/3, nayo 1/3 ni ndogo kuliko 1/2. Je, mtu aliyekuwa na nusu ya mkate, akaongezewa robo, aweza kubaki na mkate mdogo kuliko aliokuwa nao? Haiwezekani. Kisha warudi kwenye pishi. Nusu ni vibaba viwili, yaani 2/4. Robo ni kibaba kimoja, yaani 1/4. Jumla ni vibaba vitatu, yaani 3/4. Ndiyo sababu twatafuta asili iliyo moja kabla ya kujumlisha. Huwezi kuhesabu visaga na vibaba pamoja mpaka uvigeuze vyote kuwa vibaba.

SOMO LA SITA: Majina yaliyomo katika lugha yetu

Kiswahili kina majina mazuri ya sehemu, nayo yafaa watoto wayajue: nusu, theluthi (1/3), robo (1/4), humusi (1/5), sudusi (1/6), subui (1/7), thumni (1/8), tusui (1/9) na ushuri (1/10). Mengi ya hayo yamelala vitabuni, walakini mengine bado yako hai. Neno ushuru, yaani kodi ya bidhaa, lina asili moja na ushuri, fungu la kumi.

Katika mirathi ya Kiislamu majina haya hutumika hata leo. Mume akifa naye ameacha watoto, mjane hupata thumni ya mali. Ikiwa hakuacha mtoto, mjane hupata robo. Fikiri sasa juu ya mjane asiyejua sehemu, anayedhani ya nane ni kubwa kuliko ya nne. Aweza kupewa pungufu akashukuru. Kwa hiyo somo hili si la mtihani peke yake.

Wala si jipya duniani. Mwandishi mmoja wa Misri aitwaye Ahmose, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, aliandika hesabu kwenye mafunjo, na sehemu kubwa ya maandiko hayo imewekwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Hesabu mojawapo ni hii: mikate 6 igawanywe kwa watu 10. Sisi tungesema kila mtu apate 6/10. Jibu la Misri ni nusu na sehemu ya kumi. Jaribu uone: mikate 5 ukate nusu nusu, utapata nusu 10, moja kwa kila mtu. Mkate uliobaki ukate vipande 10. Wote watapata sawa, tena vipande vya kila mtu vitafanana na vya mwenzake, hakuna wa kunung'unika. Mdogo wangu alipoisikia alisema, "Watu hao walikuwa na akili kama bibi."

Sasa nimalizie habari yake. Siku mbili kabla sijarudi Kibiti, mjomba alitupeleka kuvua. Mapatano yake ni kuwa samaki hugawanywa mafungu manne sawa: fungu la mtumbwi, fungu la wavu, fungu la mjomba na fungu langu mimi. Mdogo wangu, kwa kuwa kazi yake ni kufua maji mtumbwini, angepata nusu ya fungu langu. Tulipata samaki 24. Kila fungu likawa samaki 6, naye nikampa 3.

Akawashika samaki wake, akanyamaza kitambo. Mjomba akadhani amechukia. Kumbe alikuwa akihesabu. "Kaka," akasema, "wote ni 24, mimi nina 3. Tatu mara nane ni ishirini na nne. Mimi nimepata thumni!" Kisha akatazama samaki wa mjomba, akasema, "Na mjomba amepata robo. Kweli thumni ni ndogo. Safari ijayo nataka robo." Mjomba akacheka hata kasia likamponyoka.

Usiku ule alilitoa daftari lake mwenyewe, bila kuambiwa. Nami nilimwomba radhi kwa neno nililomwita. Ndugu zangu, tunapokwenda likizo nyumbani wengi wetu tuna wadogo kama huyu. Tusiwaulize kwanza wanajua nini. Tuwaonyeshe kwanza, kwa mkate, kwa kopo na kwa mchanga, ndipo tuwaulize.

MAZOEZI KWA WADOGO ZETU

1. Robo tatu za pishi ni vibaba vingapi?
2. Korija moja ni boriti 20. Humusi mbili za korija ni boriti ngapi?
3. Ipi kubwa, 1/3 au 1/5? Eleza kwa mkate.
4. Gawanya mikate 3 kwa watoto 4, kwa njia ya Misri.
5. (Kwa kidato cha kwanza.) Mabaharia hukadiria kuwa maji ya bahari hujaa kwa muda wa kama saa 6, hivi: saa ya kwanza 1/12 ya kina chote cha kujaa, ya pili 2/12, ya tatu 3/12, ya nne 3/12, ya tano 2/12, ya sita 1/12. Je, jumla yake inatimia 1? Baada ya saa 3 maji yamejaa sehemu gani?

Majibu: 1. Vibaba 3. 2. Boriti 8. 3. 1/3, kwa kuwa wanaogawana ni wachache. 4. Kila mtoto nusu na robo, yaani 3/4. 5. Inatimia, nusu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne