Aliyekiumba Kilimia

Somo la Biblia
Soma Amosi 5:4–27

Amosi hakuwa kuhani wala mnajimu. Alikuwa mchungaji wa Tekoa aliyetunza pia mikuyu (7:14), na alihubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Kama wachungaji wengi waliolala nje na mifugo, alizifahamu nyota. Katika sura hii anazitaja mara mbili: kwanza kwa heshima, kisha kwa karipio. Kwa nini?

Nyota kama kalenda (5:8)

Katika mstari wa 8 watafsiri wa Biblia walikuta neno la Kiebrania “kima”, jina la kundi dogo la nyota zilizosongamana. Hawakuhitaji kubuni neno jipya. Waswahili walikwisha kuliita kundi hilo Kilimia, jina linalotokana na kulima.

Mkulima wa Ifakara anaweza kuiona sababu mwenyewe. Mwezi Novemba, giza linapoingia, Kilimia huchomoza mashariki. Ndio wakati wa kutayarisha mashamba ya mpunga na kungoja mvua. Mwezi Mei huzama magharibi pamoja na jua na kupotea kwa wiki kadhaa, mvua zikiwa zinakatika. Juni huonekana tena alfajiri, na watu wako kwenye mavuno.

Mwezi peke yake hauwezi kazi hiyo. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Ndiyo maana Ramadhani ya ndugu zetu Waislamu huzunguka majira yote. Waebrania waliongeza mwezi wa 13 katika baadhi ya miaka ili sikukuu zao za mavuno zisihame. Hiyo ndiyo kazi ambayo Mwanzo 1:14 inaipa mianga ya mbinguni: kutusaidia kuhesabu siku, majira na miaka.

Lakini kalenda ina mpaka wake. Kilimia huchomoza wakati uleule kila mwaka, hata mwaka ambao mvua imechelewa. Kinatukumbusha kuandaa shamba; hakituambii mvua itanyesha kiasi gani. Kwa hilo tusikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo huweka kusini mwa Morogoro katika maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Tena tupime unyevu wa udongo kabla ya kumwaga mbegu.

Nyota kama bwana (5:26)

Ashuru na Babeli waliabudu jua, mwezi na sayari. Watu wa kale waliziona sayari 5 kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kwa kuwa hazitulii mahali pamoja kati ya nyota nyingine, zilidhaniwa kuwa na nia yao wenyewe. Katika mstari wa 26 Amosi anawashutumu Waisraeli kwa kubeba sanamu ya mungu wa nyota, ambaye wataalamu wengi humhusisha na Zohali. Baadaye Mfalme Yosia aliwaondoa makuhani waliofukizia uvumba vitu vya angani (2 Wafalme 23:5).

Mwanzo 1:16 haitaji hata majina ya jua na mwezi. Huviita mianga tu. Taa hutumiwa, haiabudiwi wala haiogopwi. Qurani nayo inakataza kusujudia jua na mwezi (41:37).

Je, mambo haya yamekwisha? Leo mtu akikosa kazi au biashara ikidorora, huambiwa kwamba nyota yake imefifia, naye hulipa fedha ili isafishwe.

Zito zaidi ni suala la kifafa. Wapo wanaoamini kwamba ugonjwa huu huletwa na mwezi. Wazo hilo ni la zamani sana: katika Mathayo 17:15, neno la Kigiriki la ugonjwa wa yule kijana linatokana na neno mwezi. Baba yake alieleza kwamba mara nyingi huanguka motoni na majini. Yesu hakuuliza habari za mwezi. Aliagiza kijana aletwe, naye akapona saa ileile.

Mahenge, milimani juu ya bonde letu, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tafiti za miaka ya karibuni huko zimeonyesha uhusiano kati ya kifafa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Dawa za kifafa humezwa kila siku, mwezi uwe mchanga au mpevu. Mtoto anayecheleweshwa nyumbani kwa kuogopa mwezi bado anaweza kuangukia jikoni au mtoni.

Muumba wa nyota na gunia la mpunga (5:10–15)

Tazama Amosi amekiweka wapi Kilimia. Mstari wa 7 unawalaumu wanaopotosha haki. Mstari wa 11 unawalaumu wanaomnyang'anya maskini nafaka yake. Kilimia kimo katikati. Amosi hafundishi elimu ya nyota. Anawaambia wenye nguvu kwamba aliyepanga majira ya nafaka anaona pia jinsi inavyopimwa.

Sisi tunaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo halali huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Anayemsifu Muumba wa Kilimia kanisani Jumapili na kununua kwa lumbesa Jumatatu, maneno ya mistari ya 21–24 yanamhusu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Wazee wetu walitumia dalili zipi za angani kupanga kilimo? Zipi bado zinatufaa, na zipi tuziunganishe na utabiri wa hali ya hewa?
• Je, kuna familia hapa yenye mgonjwa wa kifafa anayefichwa? Tunawezaje kuisaidia ifike kliniki na kuendelea na dawa?
• Tunamjibuje kwa upendo ndugu anayeambiwa kwamba nyota yake imefifia?
• Kikundi chetu kinaweza kufanya nini kabla ya mavuno ili mpunga upimwe kwa mizani?