Talanta Mbili Zinatosha

Vijana wenzangu, leo tusome Mathayo 25:14-30 huku tukimtazama Elena Baltacha, mcheza tenisi wa Uingereza.

Alizaliwa Kyiv mwaka 1983, baba yake akiwa mwanasoka. Akiwa na miaka 19 aligundulika kuwa na ugonjwa sugu wa ini. Akaendelea kucheza, mara nyingi kwenye mashindano madogo yasiyo na watazamaji wengi. Nafasi yake ya juu kabisa duniani ilikuwa ya 49, mwaka 2010. Wimbledon hakuwahi kuvuka raundi ya tatu. Mwaka huohuo wa 2010 alianzisha Ipswich kituo cha kufundisha watoto tenisi, wakiwemo wa familia zisizo na uwezo. Alistaafu Novemba 2013. Mei 2014 saratani ya ini ikamchukua, ana miaka 30 tu.

Je, alishindwa? Hebu rudi kwenye mfano. Mwenye talanta mbili alisifiwa kwa maneno yaleyale aliyosifiwa mwenye tano. Aliyekemewa ni yule aliyefukia. Nafasi hukupima kwa mwenzako. Talanta hukupima kwa ulichopewa. Sisi tunachanganya hayo mawili kila tunaposhika simu na kuhesabu mafanikio ya wengine.

Jiulize leo:
1. Nimefukia nini kwa sababu tu mwenzangu amenizidi?
2. Nani angefaidika nikikifukua?

Tusali: Bwana, utupe moyo wa kutumia kidogo ulichotukabidhi, bila wivu wala woga. Amina.